Tamko la Wasaidizi wa Utafiti wa Njiru kuhusu Utafiti wa Mipaka, Ardhi na Uwakilishi

Kwa watafiti wa jiografia ya siasa walioko Nairobi na ng'ambo; kwa idara za jiografia na za mipango miji katika vyuo vikuu vya Kenya; kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC); kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi; na kwa wakazi wenzetu wa Njiru, Kayole, Ruai, Dandora na mitaa jirani.

Sisi ni wasaidizi wa utafiti. Ndio tunaobeba tableti na kubisha milango, tunaompokea mgeni kwenye steji ya Barabara ya Kangundo na kumfikisha kwenye ploti anayoitafuta. Ndio tunaoketi na mpangaji saa mbili usiku, maana mchana yuko kibaruani, mpaka swali la mwisho la hojaji lijibiwe. Mradi ukiisha tunarudi kwenye mjengo, kwenye bodaboda, kwenye kibanda cha M-Pesa, na data inaendelea na safari yake bila sisi. Majina yetu, yakionekana, huonekana katika mstari mmoja wa shukrani mwanzoni mwa tasnifu, tena mara nyingi kwa jina la kwanza tu. Baadhi yetu wana shahada za jiografia kutoka vyuo vya hapa hapa nchini. Tunaijua kazi hii ndani na nje.

Leo tunatamka jambo moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake. Utafiti kuhusu mipaka, ardhi na uwakilishi unaofanywa Njiru utarudi Njiru, kwa lugha inayozungumzwa Njiru, na utarudi mapema kiasi cha kuweza kutumika. Utakaokuja bila ahadi hiyo kwa maandishi hautapata mwanachama wetu wa kuutembeza.

Tunaanza na mipaka ya kura, kwa sababu ndiyo inayowaleta wengi.

Mkazi wa Njiru anaishi ndani ya mistari inayopishana. Kwa upande wa uchaguzi, wadi ya Njiru iko katika eneo bunge la Kasarani, pamoja na wadi za Clay City, Mwiki, Kasarani na Ruai. Kwa upande wa utawala wa serikali ya kitaifa, Njiru ni kaunti ndogo inayojitegemea, mojawapo ya 11 zilizoorodheshwa Nairobi katika sensa ya 2019. Kayole imo ndani ya kaunti ndogo hiyo, lakini kwenye karatasi ya kura Kayole ni Embakasi ya Kati. Basi mtu akihamisha godoro na jiko lake kutoka Njiru hadi Kayole amebadilisha mbunge na mwakilishi wadi, ila naibu kamishna wa kaunti ni yuleyule. Na mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka unaoitwa wa Dandora, kwa taarifa ya mgeni, uko Ruai.

Kwa mwanajiografia wa siasa hili ni shamba lenye rutuba, na hatushangai wanapokuja. Kinachotushangaza ni hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru, kati ya 4,397,073 wa Nairobi nzima. Zaidi ya mara moja tumeona rasimu ambamo idadi hiyo imechukuliwa kana kwamba ni ya eneo bunge, ikagawanywa kwa mbunge mmoja, kisha pakatolewa hitimisho zito kuhusu uwakilishi wa Eastlands. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Ukigawa kwa maeneo bunge 290 unapata 164,015, na hicho ndicho kiwango cha msingi. Ibara ya 89 ya Katiba inaruhusu eneo bunge la jijini lizidi au lipungukiwe kwa hadi asilimia 40, kumaanisha kwamba eneo bunge la Nairobi laweza kubeba watu wapatao 229,600 bila kuvunja sheria. Ukiisoma 626,482 kama idadi ya eneo bunge moja, inatoka karibu mara nne ya kiwango. Kichwa kizuri cha makala hicho. Mbele ya makamishna wa mipaka, hoja hiyo itaanguka kabla msemaji hajamaliza kujitambulisha, kwa kuwa hakuna mbunge hata mmoja anayewakilisha kaunti ndogo ya Njiru.

Tunaitaja hesabu hii kwa sababu kosa la namna hiyo halibaki katika maktaba. Mwanafunzi mmoja hulinukuu, wa pili humnukuu wa kwanza, hatimaye mwanasiasa hulisimamia jukwaani, na mkazi aliyejibu maswali yote kwa uaminifu hupewa silaha isiyo na risasi. Angekuwapo mmoja wetu mezani wakati rasimu ikiandikwa, kosa lingegunduliwa siku hiyohiyo.

Mapitio ya mipaka si jambo la mbali. Katiba inataka yafanywe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, na yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Mipaka tunayotumia iliwekwa Machi 2012. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 tume ikiwa haina kamishna hata mmoja, hali iliyodumu tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Wanasheria wana yao ya kusema juu ya tarehe hizo, nasi hatutawaingilia. Tunachosema ni kwamba siku tume itakapofungua milango ya kupokea maoni, atakayesikilizwa ni yule aliyekuja na ramani na takwimu mkononi.

Tena safari hii itakuwa ngumu kuliko ile iliyopita. Mwaka 2012 maeneo bunge ya Kenya yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, kwa hiyo kulikuwa na viti 80 vipya vya kugawana. Nairobi ilipanda kutoka maeneo bunge 8 hadi 17. Embakasi ikagawanywa sehemu tano, Kasarani ikazaa Roysambu na Ruaraka. Idadi ya 290 imeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Mtu akitaka Njiru ipate eneo bunge lake, sharti mahali pengine nchini papoteze lake, na watu wa huko hawatakaa kimya. Yeyote anayewaahidi wakazi wetu kiti kipya bila kuwaeleza hilo anawachezea, awe mwanasiasa au mwandishi wa tasnifu.

Idadi ya watu si kipimo pekee. Ibara ya 89 inaitaka tume iangalie pia sura ya nchi na vituo vya mijini, maslahi ya pamoja ya jamii, uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Hapo ndipo jiografia ya siasa inapohitajika hasa, na hapo ndipo tunapoitaka. Watu wa Njiru wanakwenda kazini wapi, na kwa barabara ipi? Mama anayeishi upande huu wa mto humpeleka mtoto shule ya upande upi? Maji ya mkokoteni yanatoka wapi? Mtu akiibiwa hukimbilia kituo kipi cha polisi, na kwa nini si kile kilichopangiwa mtaa wake? Majibu ya maswali haya hayamo katika sensa. Yamo katika miguu ya watu, na tunajua kuyakusanya. Utafiti mmoja mzuri juu ya mambo haya, ukiwa na ramani inayosomeka, ungeifaa wadi hii kuliko makala nyingi kuhusu nadharia ya mamlaka na nafasi. Tunaziheshimu nadharia hizo, na baadhi yetu tumezifanyia mtihani.

Taaluma hii ina mizizi yake hapa nchini. Profesa Simeon Ominde, ambaye Wakenya wengi humkumbuka kwa tume ya elimu ya 1964, alikuwa mwanajiografia, na mwaka 1968 alitoa kitabu kizima kuhusu ardhi na mienendo ya watu wa Kenya. Miaka ya karibuni Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011, aliilinganisha Nairobi ya vyumba vya kupanga na Berlin ya karne ya 19. Kitabu cha Constance Smith cha 2019 kinahusu Kaloleni. Wangui Kimari amekuwa akiandika kuhusu Nairobi huku akishirikiana na Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare, ambako wakazi wenyewe ni watafiti. Tunawataja ili isidhaniwe kwamba tunapinga usomi. Ila msafara wa watafiti umezoea njia ya Kibera na Mathare, ambako hata watoto wanajua kujibu hojaji. Huku kwetu, kwenye gorofa za kupanga, ploti za hisa na machimbo ya mawe, mtafiti hufika kwa nadra, hukaa muda mfupi, na huondoka na mengi, kwa sababu kila anachoona hapa ni kipya kwake.

Sasa tuingie kwenye ardhi, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini zaidi.

Eneo letu liliingia Nairobi mwaka 1963, mipaka ya jiji iliposukumwa nje hadi ikazunguka kilomita za mraba zipatazo 690. Baada ya uhuru zikaja kampuni za kununua ardhi, Embakasi Ranching ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi upande huu. Mtu alinunua hisa, akapewa cheti, akasubiri ploti. Miaka ikapita, hisa zikarithiwa, zikauzwa, zikauzwa tena. Leo mstari mmoja wa nyumba unaweza kuwa na mwenye hatimiliki, mwenye cheti cha hisa, mwenye barua ya kugawiwa ploti, na mwenye neno la broka aliyekwisha kuhama. Mashauri yake yamejaa mahakamani na magazetini.

Mtafiti hufika na hojaji inayouliza: unaishi hapa tangu lini, nani alikuuzia, una karatasi gani? Sisi tunabonyeza kitufe, na tableti inarekodi mahali nyumba ilipo. Jina, nukta ya ramani na aina ya karatasi vikikaa katika faili moja, hiyo ni orodha ya kumfukuza mtu. Huenda mtafiti hana nia hiyo, lakini faili haijui nia ya mwenyewe. Wakazi wa Kariobangi na Ruai waliobomolewa nyumba Mei 2020, katikati ya korona, hawahitaji kuelezwa thamani ya orodha. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, ilipoamriwa kwamba walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, kila mtu kando ya Mto Nairobi alijua kwamba maisha yake yanategemea mahali ambapo mtu fulani angeanzia kuvuta kamba ya kupimia.

Kwa hiyo tunatamka kwamba kuanzia sasa mwanachama wetu hatarekodi nukta ya nyumba pamoja na jina la mwenye nyumba au la mpangaji katika utafiti wowote unaohusu umiliki wa ardhi. Nukta zisogezwe kabla data haijatoka Njiru. Hilo si gumu wala si geni: Tafiti za Demografia na Afya, ambazo Kenya hushiriki, husogeza nukta za maeneo ya mjini hadi kilomita 2 kabla ya kuzitoa kwa watumiaji, na bado wasomi wa dunia nzima huzitumia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mahali alipo mtu kuwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha. Mtafiti anayetuambia kwamba chuo chake cha ng'ambo kina kamati ya maadili, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi, ajue kwamba kamati hiyo haina kikao Njiru.

Tumeulizwa kama madai yetu yanawezekana. Yanawezekana, na yamefanyika hapa hapa Nairobi. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani, ulitoa ramani ya njia za matatu za jiji zima. Wanafunzi walipanda magari wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila steji, na data ikafunguliwa kwa yeyote. Abiria aliweza kuiona safari yake. Huko Mukuru, vyuo vya Nairobi, Strathmore na Berkeley vilifanya kazi na Muungano wa Wanavijiji na wenzao, wakaonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa wenye mfereji. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa. Tukiangalia kilichowezesha hayo hatuoni muujiza wowote. Waliohesabiwa walikuwa pia wahesabuji, na matokeo yaliwekwa mezani wakati maamuzi hayajapitishwa.

Upo pia mfano wa upande mwingine, na tunautaja kwa uchungu kwa kuwa ni wa majirani zetu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na dampo la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Utafiti ule ulikuwa mzuri, ulitangazwa kwa sauti, na umenukuliwa mno. Dampo lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 bado lipo, na moshi wake tunaujua. Hatuwalaumu waliopima damu. Tunachosema ni kwamba ushahidi peke yake hauhamishi takataka, wala mtafiti asituahidi kwamba makala yake itabadilisha maisha yetu. Aahidi kitu kidogo anachoweza kukitimiza: nakala, ramani, saa mbili za kuelezea, na jibu la barua pepe baada ya mwaka.

Watu wengine wamekwisha kusimama hapa tunaposimama. Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za utafiti mwaka 2017, baada ya miaka mingi ya kupimwa na kuandikwa, wakitaka heshima, uaminifu, haki, kujaliwa na utaratibu unaofuatwa. Na hapa Eastlands, wanawake wa Pumwani wamekuwa washiriki wa utafiti wa virusi vya Ukimwi tangu miaka ya 1980, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba cha Kanada iliyowafundisha wanasayansi wa dunia mambo makubwa kuhusu kinga ya mwili. Ikiwa Wasan walistahili kuwa na kanuni, basi damu ya Pumwani inastahili, na historia ya ploti na kura ya Njiru inastahili pia.

Sheria iliyopo inatufikisha nusu ya njia. Kila mtafiti lazima apate leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Masharti ya leseni yanamtaka awajulishe wakuu wa kaunti kabla hajaanza, na akabidhi ripoti yake kwa tume hiyo ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ukifuata njia ya karatasi hiyo utaona inapanda tu: kutoka kwa mkazi kwenda kwa kamishna, kutoka kwa kamishna kwenda kwenye tume, kutoka kwenye tume kwenda jarida la ng'ambo ambalo makala yake moja huuzwa kwa dola. Hakuna sharti linaloirudisha chini hadi lokesheni. Tunaiomba NACOSTI iongeze mstari mmoja: ripoti yoyote ya data iliyokusanywa kwa wakazi iwe na muhtasari wa Kiswahili uliokabidhiwa mahali ilipokusanywa, na pasipo muhtasari huo leseni inayofuata isitolewe. Mpaka hapo, tutalitekeleza sharti hilo wenyewe.

Tutalitekelezaje? Mtafiti atakapotafuta wasaidizi Njiru, tutampa mkataba wa kurasa mbili. Ndani yake ataahidi muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa nne, bila maneno ya warsha, utakaosomwa katika baraza la chifu au ukumbi wa jamii kabla makala haijachapishwa, au angalau mwezi huohuo. Ramani zitachapishwa kwa karatasi kubwa na kubandikwa mahali pa wazi, kwa maana si kila mtu ana data ya kufungua faili kwenye simu. Msaidizi atalipwa kwa siku alizofanya kazi, zikiwamo zile ambazo milango haikufunguliwa. Nauli na salio la simu havitahesabiwa kuwa mshahara. Jina lake kamili litaandikwa akitaka, na litafichwa akiomba. Akichangia kuchambua data, si kuikusanya tu, ataandikwa mwandishi mwenza. Tumesikia kwamba sharti hili la mwisho ndilo linalowakera wengi. Basi litabaki.

Kwa idara za vyuo vya Kenya tunazungumza kwa upole zaidi, maana wanafunzi wao hawana ruzuku za ng'ambo na wengine ni watoto wa mitaa hii. Hatutamtoza mwanafunzi Mkenya wa shahada ya kwanza ada yoyote ya kumuunganisha na wakazi. Tunamtaka alete nakala moja ya tasnifu, hata kama ilipata alama ya chini. Tasnifu nyingi nzuri kuhusu Kayole, Saika na Ruai zimelala kwenye rafu, na msomaji wake wa mwisho alikuwa mtahini. Wahadhiri watupe ruhusa tuzinakili.

Kwa Tume ya Uchaguzi na Mipaka tunaomba kitu mahususi: idadi ya watu kwa kila wadi, pamoja na ramani za mipaka ya wadi katika faili zinazofunguka na kupimika, vitolewe kwa umma muda wa kutosha kabla ya vikao vya maoni. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinatupa haki hiyo. Picha ya ramani iliyopigwa kwa skana, isiyosomeka majina ya barabara, haitoshi.

Na kwenu wakazi wenzetu. Mtafiti si mwanasiasa, msimwombe barabara. Wala si mfadhili; msimdanganye kuhusu idadi ya watoto kwa kutarajia unga. Mnayo haki ya kukataa swali lolote, hata baada ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, hata baada ya kunywa soda yake. Muulizeni msaidizi aliyekuja naye mkataba uko wapi. Mwanachama wetu atakayejaza hojaji nyumbani kwake badala ya kwenda mlangoni kwa mtu, au atakayemuuzia broka orodha ya majina, atafutwa uanachama na jina lake litasomwa katika mkutano.

Kazi ya kwanza ya tamko hili tumekwisha kuianza. Tunatengeneza rejista ya tafiti zote zinazohusu mipaka, ardhi na uwakilishi zilizofanywa katika kaunti ndogo ya Njiru: nani aliuliza, mwaka gani, katika mitaa gani, na matokeo yako wapi. Kila mtafiti aliyewahi kufanya kazi hapa anaombwa alete ripoti yake, ya zamani au mpya, kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Kutafsiri tutajua wenyewe. Kutokana na rejista hiyo tutaandaa hati ya maoni na ramani moja ya wadi, itakayoonyesha njia za watu za kwenda kazini, shuleni, sokoni na kwa maji, na tutaiwasilisha mbele ya tume ya mipaka kwa niaba ya yeyote atakayekubali kuitia sahihi. Wanajiografia watakaotaka kuikagua hati hiyo kabla haijawasilishwa wanakaribishwa. Hatutawalipa. Tutawaandika katika mstari wa shukrani.

Tamko hili linaanza kutumika leo kwa kila utafiti mpya. Tafiti zinazoendelea zina miezi mitatu ya kutia sahihi mkataba. Baada ya hapo wanachama wetu watarudisha tableti.

Limetolewa Njiru, Nairobi, na kamati tendaji kwa niaba ya wanachama.